Kitambaa Chekundu Kwenye Mstari wa Mwisho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimjazia shangazi yake chupa za maji. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Akijaza chupa aliuliza maswali, akizifunga alijijibu mwenyewe. Shangazi, akikaza viatu vyake barazani, alicheka tu. "Pumua kidogo, mwanangu. Hewa ni ya bure."

Kazi ya shangazi ilikuwa mashindano ya baiskeli. Alikuwa ameuguza goti kwa muda mrefu, na sasa mbio za kwanza za msimu zingeishia mtaani kwao, mbele ya duka la baba yake Chiriku, fundi cherehani. Baba alishona kitambaa kikubwa chekundu cha kushangilia. "Kishike kwa mikono miwili," alimwambia binti yake, "na usikitoe nje ya vizuizi. Wale wakifika hapa wanakuja kama risasi."

Siku ya mbio, Chiriku alijipenyeza mpaka kwenye vizuizi vya chuma vilivyowatenga watazamaji na barabara. Pikipiki ya waamuzi ilipita, kisha kundi zima likakata kona. Msimu ndio kwanza umeanza, kila mmoja ana hamu ya kushinda na hakuna anayempisha mwenzake. Walikuja wamebanana, mabega yanagusana, vichwa vimeinamia usukani. Wawili wakachomoka: shangazi katikati ya barabara, na kando ya vizuizi dada mmoja wa jezi ya kijani ambaye wenzake walimwita Mshale.

Chiriku akasahau maneno ya baba. Alipanda juu ya kizuizi, akanyoosha mkono mmoja barabarani, akapunga kwa nguvu zake zote. Kitambaa kikamponyoka na kumpiga Mshale usoni. Mshale akayumba kuelekea katikati, akamziba njia msichana aliyekuwa nyuma yake, na huyo akaanguka kwa kishindo. Mwingine akamparamia. Mshale alikuwa wa kwanza kuvuka mstari, shangazi akimfuata nyuma kidogo tu.

Bahati nzuri walioanguka waliinuka. Yule msichana alichunika kiwiko, naye aliulizia baiskeli yake kabla ya kuulizia dawa. Lakini muda si muda kipaza sauti kikatangaza: Mshale amenyang'anywa ushindi kwa kuwaziba wenzake, mshindi ni shangazi. Mtaa ukalipuka kwa vigelegele. Baba alicheza katikati ya barabara, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

Chiriku alikuwa amekiokota kitambaa na kukificha ndani ya sweta. Akajibanza mlangoni mwa duka, mbali na vigelegele.

"Leo chiriku wetu kameza nini?" baba aliuliza, kisha akaendelea kucheza.

Kwenye ngazi ya duka, Mshale alikuwa ameketi bila viatu. "Kuna kitu kilinipiga usoni," alikuwa akimwambia kocha wake. Kocha alitikisa kichwa. "Najua. Lakini hakuna aliyekiona."

Chiriku aliyasikia yote. Alimfuata shangazi, aliyekuwa akichana nywele tayari kupanda jukwaani, akamvuta pembeni na kumweleza yote kwa sauti ya chini. Shangazi alilitazama jukwaa kwa muda. Goti lake lilikuwa limefungwa bandeji mpya.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, shangazi. Mimi na wewe tu."

Shangazi akashusha pumzi. "Haya, twende kwa mwamuzi mkuu. Utasema wewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Mwamuzi mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, alikikunjua kitambaa na kuona alama ya tairi. Akarudia kutazama picha za kamera ya upande wa pili, taratibu sana, na kitambaa kile chekundu kikaonekana. Alimkemea Chiriku kwa kutoa mkono barabarani, naye Chiriku akasikiliza kichwa chini. Kisha kipaza sauti kikatangaza upya. Mshale akarudishiwa ushindi wake.

Baadhi ya majirani walinung'unika kwamba mtoto kamnyima shangazi yake kombe. Chiriku alikwenda kumwomba radhi Mshale, kisha yule aliyeanguka. "Nimekusamehe," msichana yule alisema, kiwiko kimefungwa. "Mara nyingine nipigie makofi. Makofi hayapeperuki."

Jioni, familia ilipokuwa mezani, Chiriku aliuliza, "Shangazi, umenikasirikia?"

"Kwa kupunga kitambaa barabarani, ndiyo. Watu wangeweza kuvunjika. Uliambiwa, ukapuuza." Shangazi akamsogezea sahani. "Kwa kusema ukweli, hapana. Ungenyamaza, kosa lako lingebebwa na Mshale, na mimi ningebeba kombe lisilo langu. Wote watatu tungeumia. Ukikosea, sema mapema, hata kama anayepoteza ni mtu umpendaye."

"Lakini umepoteza."

"Nimekuwa wa pili nikiwa na goti bovu," shangazi alisema akicheka. "Jumapili tunashindana tena. Huyo Mshale nataka nimpite kwa miguu yangu, yeye mwenyewe akiniona."