Saa ya Kifo cha Mzee Yoeli

Kosa lilikuwa dogo, la saa tatu tu. Esta alikuwa nyumbani kwao Olasiti, akitengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa zahanati moja ya Ngaramtoni muda wa dawa. Programu ilitakiwa kuchukua saa iliyoandikwa kwa maneno, iigeuze kuwa muda ambao kompyuta inaweza kuuhesabu, kisha iurudishe kuwa maneno. Kwa majaribio aliweka tarehe na saa aliyoikumbuka kuliko zote, ile aliyofariki baba yake, mzee Yoeli, mwaka jana. Nani anajaribia kazi kwa kifo cha mzazi wake? Basi yeye alifanya hivyo.

Kila ikienda na kurudi, saa ile ilisogea mbele saa tatu, maana programu iliisoma saa ya Arusha kana kwamba ni ya Greenwich, iliyo nyuma kwa saa tatu. Hakuona shida. Akaiacha ijirudie yenyewe, akaenda jikoni kumenya ndizi.

Ndipo akasikia mtu anakohoa, mchana kweupe, kwenye chumba cha marehemu kilichofungwa tangu matanga. Harufu ya udongo mbichi ikajaa ukumbini.

"Mama, umesikia?" alinong'ona.

Mama yake, Tabea, alikwishasimama mlangoni mwa chumba kile na kikombe cha maji, machozi yakimtiririka. "Baba yako ana kiu."

Esta alikimbilia kompyuta. Tarehe ya kifo ilikuwa imevuka Krismasi, imevuka Pasaka, imeingia wiki hii. Ikifika kesho, mzee Yoeli atakuwa hajafa bado.

"Esta," sauti iliita kwa upole. "Mwache mama yako afungue."

Esta aligeukia mlango. Alipewa jina la bibi mzaa baba, na mzee hakuwahi kumwita Esta hata siku moja, alimwita mama.

"Mama, usifungue! Siyo yeye!"

"Ni mume wangu, niache!"

Ufunguo ulizunguka, kitasa kikashuka, na Esta, akikosea herufi mara mbili, akaisimamisha programu, akaandika tarehe ya kweli, akabonyeza, na kile kikohozi kikaanza kurudi nyuma, kikizama chini ya sakafu kama kitu kinachoburutwa, mpaka mlango ukafunguka wazi.

Chumba kilikuwa kitupu. Tabea aliketi chini, akalia.

Kisha kutoka chini kabisa, kwa mbali, mzee akaita:

"Mama, mbona umenizika tena?"