Fundi Achagua Gemu ya Kidoti

Fundi alishona nguo nyumbani kwake. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Cherehani ilikaa karibu na dirisha ili apate mwanga. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Nyuma ya pazia, familia iliishi.

Mkewe, Mama Kidoti, alifanya kazi hospitalini, katika chumba cha kufulia mashuka. Aliondoka asubuhi na kurudi alasiri. Kwa hiyo mchana kutwa Fundi alikuwa baba, mama na fundi kwa wakati mmoja.

Watoto wao walikuwa wawili. Kidoti alikuwa msichana wa miaka minne. Aliitwa hivyo kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni. Mdogo wake, Bonge, alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Ukimwona tu, unajua kwa nini aliitwa Bonge.

Kidoti alikuwa mtoto wa maswali.

"Baba, kwa nini sindano ina tundu? Baba, pasi inakula nini mpaka iwe moto hivyo?"

Fundi alipenda maswali hayo. Lakini zikija sare nyingi za kushona, yalimchanganya. Siku hizo alimpa Kidoti simu.

Gemu iliyokuwa kwenye simu iliwekwa na Mjomba, kaka yake Mama Kidoti. Mjomba alikuwa mchora mabango, mtu wa utani mwingi.

"Ni katuni tu, shemeji," alisema. "Ina rangi nzuri. Mtoto hatakusumbua."

Fundi aliona rangi. Zaidi ya hapo hakutazama.

Ndani ya gemu hiyo alikuwemo paka mwenye kisu. Paka alikimbizwa na kiumbe chenye meno marefu. Kiumbe hicho kilijificha nyuma ya milango na chini ya vitanda. Kilipochomoza, simu ilipiga ukelele. Mchezaji alitakiwa kukichoma upesi, kabla hakijamla paka.

Baada ya wiki mbili, Kidoti aliacha kwenda chooni peke yake. Alitaka mtu asimame mlangoni.

"Kuna nini huko?" mama yake alimuuliza.

"Mwenye meno."

Wazazi walicheka. Walidhani ni mambo ya kitoto, yatapita.

Jumanne moja asubuhi, Fundi alitoka mlangoni kumpa mteja suruali yake. Hakukaa hata dakika mbili. Bonge aliingia chini ya meza. Kitambaa kirefu kilikuwa kinaning'inia pale, naye akajificha nyuma yake. Akaanza kunguruma kwa mchezo.

"Grrr! Grrr!"

Kitambaa kikatikisika.

Fundi aliporudi, alimkuta Kidoti amesimama mbele ya kitambaa kile. Mkononi alikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Mwenye meno, nakuchoma!" alipiga kelele, akasukuma mkasi mbele.

Fundi hata hakujua alivyovuka chumba. Alimdaka mkono. Ncha ya mkasi ilikuwa imeshatoboa kitambaa. Tundu lile lilikuwa kiganja kimoja tu juu ya kichwa cha Bonge. Bonge akachungulia, akamwona dada yake, akacheka.

Fundi alikaa sakafuni. Aliwakumbatia wote wawili kwa muda mrefu.

Mama Kidoti aliporudi kutoka kazini, Fundi alimweleza yote. Hakuficha kitu.

"Mkasi ulikuwa wapi?" Mama Kidoti aliuliza.

"Ukingoni mwa meza."

"Basi kosa la kwanza ni hilo."

"Ni kweli. Na la pili ni langu pia. Gemu ile sijawahi kuitazama hata mara moja."

Wakaifungua wakaicheza pamoja. Kiumbe kilipochomoza, Mama Kidoti aliruka, nusura simu imponyoke.

"Jamani! Hiki ndicho anachokiona mtoto wangu kila siku?"

Fundi aliifuta gemu pale pale. Kisha akapigilia msumari juu ukutani, mahali ambapo mtoto hafiki. Akatundika mkasi hapo.

Siku iliyofuata ilikuwa ngumu. Kidoti aliitaka gemu yake. Alilia, akajitupa chini, akapiga mateke. Bonge naye akaona bora alie tu, ingawa hakujua kisa. Mteja mmoja aliyekuja kupimwa alichoka kusikiliza.

"Fundi, si umpe tu anyamaze?"

"Nilikuwa nampa," Fundi alijibu. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake, na jasho lilimtoka. "Sitampa tena kitu nisichokijua. Alie. Mimi niko hapa hapa."

Alhamisi alikuja Mwalimu wa shule ya chekechea. Kidoti alikuwa aanze kusoma kwake muhula ujao. Mwalimu alileta sketi.

"Fundi, sketi yangu imepungua."

"Sketi haipungui, Mwalimu."

"Basi nyamaza uiachie kiunoni."

Wote wakacheka. Kisha Mwalimu akamwona Kidoti kwenye kona, macho yamevimba kwa kulia. Akauliza kuna nini. Fundi akamsimulia, tangu rangi nzuri hadi mkasi. Mwisho akauliza jambo lililomkaa rohoni.

"Mwalimu, mwanangu amekuwa mkatili?"

"Hapana. Mwanao ameogopa. Mtoto wa miaka minne bado hatenganishi vizuri kilicho kwenye simu na kilicho chumbani. Kwake, kile kiumbe kipo kweli. Alikuwa anajitetea."

Fundi alishusha pumzi. "Basi nisimpe simu kabisa?"

"Unaweza. Mtoto hapungukiwi na kitu akikosa gemu. Anachohitaji ni kukimbia, kucheza na wenzake, kuongea na nyinyi, na kulala vizuri. Lakini ukitaka acheze kidogo, zipo gemu rahisi za umri wake. Kazi ni kuzichagua."

"Nitajie moja, niiweke sasa hivi."

"Sikutajii. Leo inaweza kuwa nzuri, mwezi ujao wenyewe wakaibadilisha, wakaijaza matangazo. Wewe mtu akikuletea mtoto umshonee gauni, unakisia?"

"Nampima!"

"Haya, na gemu ipime. Icheze wewe kwanza. Peke yako, robo saa nzima, si dakika moja. Mambo mabaya hayakai mwanzoni."

Fundi alichukua chaki yake ya kushonea na karatasi ya kukatia mitindo. Akaanza kuandika.

"Nikiicheza, nitazame nini?"

"Jiulize, mtoto anatakiwa kufanya nini hapa? Kama ni jambo moja tu, la wazi, vizuri. Labda alinganishe rangi. Labda ahesabu. Picha ziwe kubwa, kidole chake kisihangaike. Kusiwe na kupigana wala vitisho. Kusiwe na saa inayomkimbiza. Na akikosea, gemu imwache ajaribu tena, isimzomee."

"Na matangazo?"

"Matangazo hayamfai. Mtoto hajui kwamba hilo ni tangazo, anabonyeza tu. Zima intaneti uone kama gemu bado inacheza. Ikicheza bila intaneti, mara nyingi utakuwa na amani zaidi. Na isiwe na mahali pa kuzungumza na watu usiowajua."

Bonge alikuwa ameshafika miguuni mwa Mwalimu. Alikuwa anavuta mkoba wake.

"Na huyu?" Fundi aliuliza.

"Huyu bado. Hana haja na gemu yoyote. Akiongea na bibi yake kwa video, mkiwa naye, sawa. Zaidi ya hapo, mpe sufuria na mwiko."

"Atatutoboa masikio."

"Ndiyo kusoma kwake huko."

Kabla ya kuondoka, Mwalimu aliongeza jambo. "Kwa Kidoti, simu, video na televisheni, vyote pamoja, visizidi saa moja kwa siku. Vikipungua, bora zaidi. Gemu yenyewe robo saa inamtosha. Na kaa naye. Usimpe simu ukageuka. Karibu na saa ya kulala, simu iwe mbali."

Fundi alilaza karatasi mezani. Aliamua kwamba hataweka gemu yoyote mpaka ipite kwenye maandishi yale.

Siku hiyo hiyo, wakati wa chakula cha mchana, alianza kazi. Gemu ya kwanza ilikuwa ya kupasua maputo. Ilikuwa nzuri kweli. Fundi alipasua maputo mpaka akajisahau. Dakika ya saba, likatokea tangazo la kamari. Akaifuta.

Ya pili ilikuwa ya herufi. Lakini saa ilikimbia juu ya kioo, na ukikosea, uso mwekundu ulikuzomea. Fundi mwenyewe alizomewa mara nne.

"Hata mimi inanitia wasiwasi," alimwambia mkewe alasiri. Akaifuta.

Ya tatu ilikuwa na sungura. Ukimlisha karoti tatu, chakula kiliisha. Sungura akaanza kulia machozi. Maandishi yakatokea: nunua karoti zaidi.

"Ebo!" Mama Kidoti alishtuka. "Wanamliza sungura ili mtoto amlilie mama yake anunue?"

"Ndivyo."

"Futa haraka, kabla hata mimi sijanunua."

Jumamosi, Mjomba alikuja kuwasalimu. Alimkuta Fundi ameinama juu ya simu, ulimi umetoka nje kidogo.

"Shemeji, mtu mzima unacheza gemu za watoto?"

"Nazipima."

"Mnajisumbua bure. Sisi tulitazama kila kitu tulipokuwa wadogo, na hatukudhurika."

"Wewe?" Mama Kidoti alisema. "Wewe mpaka leo ukiona mende unapanda juu ya kiti."

Fundi hakucheka. Alikwenda kabatini, akaleta kile kitambaa. Akakikunjua mbele ya Mjomba, akaingiza kidole kwenye tundu.

"Hapa ulipita mkasi. Na hapa chini ndipo kilipokuwa kichwa cha Bonge."

Mjomba alilitazama tundu. Utani wote ulimwisha. Akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu, shemeji. Simuwekei gemu. Naweka namba ya siri, mtoto asiweze kupakua wala kununua kitu bila nyinyi. Namba mtaichagua wenyewe. Mimi nitatazama pembeni."

Gemu ya nne waliijaribu watu wazima watatu pamoja. Alikuwemo mbuzi aliyetaka kuvaa viatu. Viatu vilikuwa vya rangi mbalimbali. Ulitakiwa kutafuta viatu vinne vya rangi moja. Ukimpa kiatu tofauti, mbuzi alitikisa kichwa tu, akangoja. Hakukuwa na saa, wala tangazo. Fundi alizima intaneti, mbuzi akaendelea na safari yake. Akiisha kuvaa, aliimba wimbo mfupi, akaondoka.

Fundi alipitia karatasi yake, mstari kwa mstari. Kila mstari uliridhisha.

Jumapili alimpakata Kidoti, akatega kengele ya simu ilie baada ya robo saa.

"Mbuzi anataka viatu gani?"

"Vyekundu!"

"Amevaa vingapi?"

"Kimoja, viwili, vitatu... Baba, mbona wewe unavaa viwili tu?"

"Kwa sababu mimi si mbuzi."

Kidoti alicheka mpaka akainama. Tangu Jumanne ile, Fundi hakuwa amekisikia kicheko hicho.

Kengele ilipolia, Kidoti aliishikilia simu kwa mikono miwili. Akaangua kilio. Fundi aliichukua taratibu.

"Tumemaliza. Kesho tena."

Jumatatu alilia tena. Jumanne akalia tena. Kila siku Fundi alisema maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Hakumfokea. Hakumwongeza hata dakika moja. Mama Kidoti akiwa nyumbani, naye alifanya vivyo hivyo. Baada ya gemu walikaa sakafuni na vipande vya vitambaa. Kidoti alivipanga kwa rangi. Bonge alivipangua, kisha akarudi kupiga sufuria yake. Vifungo havikushushwa sakafuni, kwa sababu Bonge alitia kila kitu mdomoni.

Siku ya tisa, kengele ililia. Kidoti akamwambia mbuzi kwaheri, akampa baba yake simu.

"Chukua. Nataka vitambaa."

Fundi aligeukia dirishani kidogo ili mtoto asione macho yake.

Mwezi haukuisha kabla Kidoti hajaanza kwenda chooni mwenyewe. Maswali yake yakarudi, mengi kuliko mwanzo.

Muhula ulipoanza, Mwalimu aliitisha mkutano wa wazazi wa chekechea. Alimwomba Fundi aseme machache. Fundi hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Hata hivyo alisimama. Alisimulia habari ya gemu, ya mkasi na ya kitambaa. Hakupunguza sehemu ya makosa yake.

"Nilidhani gemu ikiwa na rangi nzuri, ni ya watoto," alisema. "Ukitoka hapa, fungua simu unayompa mtoto wako. Icheze robo saa. Ukiona haimfai, ifute leo. Atalia. Kaa naye. Atanyamaza."

Mkutano ulipoisha, wazazi walianza kuondoka. Baba mmoja, dereva wa lori, alibaki amesimama. Alikuwa mtu mkubwa, na simu ilipotelea kwenye kiganja chake.

"Fundi, wangu ana miaka mitatu," alisema kwa sauti ya chini. "Na sijui humu ndani mna nini."

"Lete tutazame."

Viti vilivyokuwepo vilikuwa vya watoto. Wanaume wawili wakakaa juu yake, magoti yakawafika kifuani. Dereva akafungua gemu ya kwanza. Fundi akatazama saa ya ukutani.

"Robo saa," alisema. "Anza."