Kanda Iliyokula Majibu

Swali lilisikika vizuri. Jibu ndilo lililopungua.

Barry Sugden aliirudisha nyuma kanda ya mahojiano ya zamani akaisikiliza upya. Juzi, ilipotoka tu kwenye mashine ya kukaushia matunda, Denise Oldroyd alijibu kwa sentensi tatu na kicheko. Leo zilibaki mbili, na kicheko hakuna. Kanda za miaka ya sabini hunata, hivyo huokwa ndani ya mashine kama hiyo kwa moto mdogo kutwa nzima ndipo zicheze, tena kwa siku chache tu. Lakini Barry ameoka kanda miaka ishirini jikoni kwake, hapa Huddersfield, Uingereza, na hajapata kuona moto unaokula majibu ukaacha maswali.

Akampigia simu Janice, dada wa Denise.

Janice alifika saa sita mchana akichuruzika mvua, bibi wa miaka sitini na minne mwenye nywele za kijani. Mwaka 1977 yeye na mdogo wake walikuwa na bendi ya panki, ule muziki wa fujo na makelele, na mahojiano haya ya redio ndiyo mahali pekee sauti ya Denise iliposalia. Denise alikufa kwa ajali ya gari miaka miwili baadaye. Mama yao aliitafuta kanda hii mpaka akaingia kaburini.

"Si ulinakili?" aliuliza Janice.

"Mara nne, Jan. Nakala zote zina Clive peke yake."

Clive Marchbank, mtangazaji aliyewahoji kwa dharau zake, naye alikwisha kufa zamani.

Barry akabonyeza. Jikoni kukanuka tumbaku ya kiko, na nyumbani humo havuti mtu.

"Na wewe, binti," ilisema sauti ya Clive, "mama yako anajua unavyovaa?"

Kimya. Denise hayupo kabisa. Kisha likaja swali ambalo mwaka 1977 halikuulizwa.

"Na huyo bwana mwenye kikombe cha chai, anaitwa nani?"

"Barry," alijibu Barry, na adabu ndiyo iliyomponza, kwani neno lilipomtoka tu koo lilikauka, mdomo ukawa unafunguka na kufumbika bila kutoa hata mkoromo, na kwenye spika ikaanza kusikika sauti yake mwenyewe, "Barry, Barry, Barry," ikitafunwa taratibu, na Janice alipochomoa waya ukutani magurudumu ya kanda yaliendelea kuzunguka vilevile, na ile harufu ya kiko ikamjia usoni kama pumzi ya mtu aliyeinama.

Janice aliogopa. Lakini hasira yake ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Wewe si Clive," alinong'ona. "Wewe ni dude tu lenye njaa."

"Njaa kali, binti. Nipe sauti yako, niwaachie hawa wawili, huyu Barry na mdogo wako."

"Kanda ikiisha, waachie hawa, kisha chukua chochote utakachokikuta kooni mwangu."

"Zimebaki dakika kumi na mbili," lilisema, likicheka. "Nimekubali."

Hapo Janice akapanda juu ya kiti. Akafumba macho, akapiga kelele. Aliimba nyimbo zote za bendi yao, zile ambazo hajaziimba tangu mazishi, kwa koo lote, bila kumeza mate, jirani akigonga ukuta na yeye akimtukana jirani ndani ya wimbo. Dakika ya saba sauti ilipasuka. Akaendelea. Dakika ya kumi akaonja damu. Akaendelea.

Kanda ikaisha. Kitu cha baridi kikamwingia kooni, kikapapasa, kikakomba kama mtoto akombavyo sufuria, kikakuta ukoko.

"Umenihadaa!" spika zililia, na harufu ya kiko ikatoka kwa kishindo kupitia dirishani, kioo kikapasuka.

"Jan," alisema Barry, akishika koo lake kwa mshangao. "Jan, mwehu wewe, umefanya nini?"

Janice alionyesha mashine kwa kidole. Barry akarudisha waya, akarudisha kanda, akabonyeza.

"Mama yako anajua unavyovaa?"

"Anajua sana," alijibu Denise, miaka kumi na saba, mzima mzima. "Ndiye aliyenishonea. Hiyo tai yako uliiokota wapi?" Kisha kile kicheko.

Janice alilia waziwazi. Akamvuta Barry shati, akamwambia kwa mnong'ono ambao ndio sauti yake mpaka leo:

"Paza sauti yake."