Joto la Upande wa Kushoto

Julai ya mwaka 2006, baridi ya Kitengela haikuwa na adabu hata kidogo. Asubuhi hiyo kituo cha petroli kilijaa malori ya simiti, pikipiki na watu waliokunja mikono kwapani, na katikati yao mwanamume mmoja alikuwa akipangusa kioo cha gari lake kwa soksi. Soksi jamani! Mwalimu Namalwa, aliyekuwa akitafuta usafiri wa kwenda kufundisha Kajiado, koti jekundu limefungwa mpaka kidevuni, alishindwa kunyamaza.

"Wewe, hiyo gari haina hita?"

"Iko nayo, madam. Shida ni kuielewa. Vifungo yote imeandikwa Kijapani. Nikitaka kioo ionekane, miguu inaganda. Nikipasha miguu, kioo inajaa ukungu. Huyu mtu aliitengeneza sijui alikuwa anataka niendeshe bila miguu ama bila macho."

Namalwa akacheka mpaka akashika ubavu. Hivyo ndivyo alivyomjua Lemein, mwenye agroveti, duka la wafugaji, kule Bisil na nyumba Kisaju: mrefu, koti la ngozi, kofia ya pama, sauti ya taratibu. Akapewa lifti, naye akaanza kubonyeza vifungo kimoja baada ya kingine. Kabla ya kufika Isinya alikuwa amegundua mambo mawili. Kila upande ulikuwa na joto lake, kulia la dereva, kushoto la abiria. Na gari lile halikusahau. Ukilizima na kuliwasha tena, linarudi pale pale abiria wa mwisho alipoliachia.

"Basi kushoto ni kwako," Lemein akasema. "Digrii ishirini na mbili, vile umeweka. Hakuna mtu ataigusa."

Shikilia maneno hayo, maana ni yeye aliyeyasema, si mimi.

Kila Jumatatu na Ijumaa Lemein alikuja Kitengela kununua dawa za mifugo, akampitia Namalwa. Jioni simu haikupumzika. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, na wewe?" "Nakula sauti yako." "Hiyo haishibishi, wacha uongo!" Mapenzi yakakolea. Lakini Namalwa alikuwa na jambo lililomkosesha usingizi. Kabla ya kumjua Lemein alikuwa ameomba uhamisho wa kurudi kwao Bungoma, na sasa ulikuwa umekubaliwa. Mwalimu mkuu alitaka jibu Ijumaa ya kufunga shule, mwanzoni mwa Agosti. Lemein alijua. Neno moja tu kutoka kwake, na Namalwa angebaki. Neno halikuja.

Kilichokuja ni namba. Wiki moja kabla ya siku hiyo, Ijumaa, Namalwa aliingia garini, akakuta upande wa kushoto unasoma thelathini na mbili, joto lote likipuliza miguuni.

"Nani amekaa hapa?"

"Aa, hizi vifungo zinajifanyia tu," Lemein akajibu, macho barabarani.

Zinajifanyia! Gari lisilosahau! Moyo wa Namalwa ukaanza upelelezi. Kwenye kiti akaokota nywele fupi za rangi ya kahawia iliyoelekea nyekundu. Ameweka rangi, huyo mwanamke. Jumatatu iliyofuata namba ilikuwa thelathini na mbili tena, na mguu wake ukagonga kitu chini ya kiti. Akainama. Ilikuwa chupa ya kunyonyesha, na maziwa kidogo yamebaki ndani.

Walisimama Kisaju kuweka mafuta. Lemein alipokuwa nje akilipa, simu yake ikalia pale kwenye dashibodi. Namalwa akaifungua. Ulikuwa ujumbe wa Resian, dada yake Lemein: "Paashe anakuja lini nyumbani? Mama anauliza kila siku."

Kumbe hata mama anajua!

"Paashe ni nani?" Namalwa akauliza kabla mlango haujafungwa.

Lemein akashtuka, kisha, mtu huyu bila haya, akatabasamu. "Nani amekuambia hiyo jina?"

"Nimekuuliza swali, Lemein. Huyo Paashe ndiye hukaa hapa?"

"Eeh, hukaa hapo. Hapo hapo umekaa." Akacheka. "Ningojee kidogo tu, mrembo. Nitakuambia kila kitu."

"Kaa na yeye basi!" Namalwa akashuka, akaubamiza mlango, akasimama kando ya barabara kwenye upepo akilia waziwazi. Aliitwa, hakugeuka.

Siku nne simu ilipigwa, siku nne ikakatwa. "Huyo ako na bibi na mtoto mdogo," akasema Immaculate, aliyeishi naye Kitengela. "Nenda zako Bungoma." Namalwa akakubali. Ijumaa angemwambia mwalimu mkuu anaondoka.

Ijumaa hiyo alfajiri honi ikalia getini. Akatoka na leso kichwani. Lemein alikuwa amesimama kando ya gari. Vioo vilijaa ukungu, lakini upande wa kushoto kichwa cha kahawia kilionekana kikitikisika.

"Umemleta kwangu?"

"Nimemleta. Mtukane ukimwona."

Namalwa akakunja mikono ya sweta na kuufungua mlango kwa nguvu. Ndama jike, amefungwa shuka, akatoa ulimi na kumlamba kiganja.

"Mama yake alikufa akizaa," Lemein akasema. "Baridi ikamshika kifua. Hakuna mtu wa kumlisha mchana kwangu Kisaju, kwa hivyo huwa naenda na yeye Bisil, joto yote miguuni. Siku zako nilikuwa namwacha kwa jirani."

"Na Paashe?"

"Kwetu Wamaasai, mtu akikupa ndama jike, jina lako linabadilika. Unamwita Paashe, na yeye anakuita Paashe, mpaka kufa. Nyumbani kwa mama wameshaanza kukuita hivyo. Paashe ni wewe, Namalwa. Ndama ni wako."

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Wiki nzima alikuwa akijionea wivu mwenyewe! "Na mbona hukusema, wewe mtu?"

"Angekufa je? Nikupe ndama halafu afe, ungesema mapenzi yetu yamelaaniwa. Nilitaka asimame vizuri ndiyo nikuulize." Akamsugua ndama shingo. "Jana alikimbia. Usiende Bungoma. Nataka kukuoa."

Namalwa akalia, akacheka, akampiga ngumi ya kifua, akamkumbatia. "Siendi. Ulinitesa, lakini siendi popote."

Akampigia mama yake Bungoma hapo hapo, wakaongea kwa Kibukusu huku Lemein akimkodolea macho. Mazungumzo yakarefuka. Jina la Lemein likatajwa mara kadhaa, na kila lilipotajwa akajinyoosha zaidi.

"Anasema nini? Amekubali?"

Namalwa akaziba simu kwa kiganja. "Anasema ndama huyu umenipa mimi. Anauliza ng'ombe wake yeye wako wapi."