Doa la Sigara kwenye Gitaa la Baba

"Lete mkono... hapana, laza hivi. Eeh! Hapo hapo!"

Jamani! Mwenzenu nilikuwa nimesimama dirishani kwa mwanamke, kijiji cha Ambanoro, kisiwani Nosy Be. Ndani, mume wangu wa ndoa kanipa mgongo, hana shati, na yule mwanamke kamshika mkono!

Aliniaga anakwenda mji wa Ambanja, huko bara, kutafuta spea za pikipiki. Spea! Nilimfuata kwa siri mpaka akavuka maji kuja hapa.

Nikausukuma mlango.

"Echa?!" Zoubeir akaruka.

"Endelea tu! Kwani nimekukatiza?"

(Tulizozana kwa Kimalagasi, nawawekea Kiswahili.)

Ndipo nikaona. Mapajani ana gitaa la umeme, la bluu, limechakaa. Mkononi kashika msasa.

"Ni la baba yako," akasema, jasho linamtoka. "Yaani... nalitengeneza lifanane nalo. Nilitaka kukushtukiza."

Baba alikuwa fundi kiwanda cha sukari Dzamandzar, hapo hapo Nosy Be, mwishoni mwa miaka ya sabini. Jioni akipiga gitaa. Kwetu Mahajanga alikuja likizo tu. Alipofariki gitaa likauzwa, na mpaka leo nalililia.

Zoubeir aliunga vya kuokoteza: mbao ya kabati bovu, shingo ya gitaa la Kichina lililovunjika, skrubu kazilowesha kwenye ndimu na chumvi zipate kutu. Rangi mpya kaisugua mpaka mbao ikatokeza, pale mkono wa baba ulipokuwa ukilala.

"Nani kakwambia ulilala hapo?"

"Bi Chamsia huyu. Alikuwa jirani yake."

Nikamtazama. Miaka sitini na kitu, na bado mzuri, haki ya Mungu! Roho iliniuma, ila nikamwomba radhi. Akanikumbatia, akalia sana. Nikajisemea, jirani gani huyu mwenye huruma!

Tukarudi Mahajanga, kwa mama mtaa wa Mahabibo. Mama alilipokea gitaa kwa mikono miwili, akapitisha kidole palipochubuka.

"Ndilo hasa," akatabasamu.

Kidole kikapanda mpaka kichwani mwa gitaa. Kikasimama.

"Hili doa jeusi?"

"La sigara, Mama!" Zoubeir kavimba kichwa. "Alikuwa akiichomeka kwenye nyuzi akipiga. Nimelichoma kwa msumari wa moto."

Mama akaondoa kidole.

"Mume wangu hakuvuta sigara," akasema. "Ndoa yetu yote, sikumwona na hata moja."

Zoubeir akanitazama. Mimi nikatazama mkeka.

"Nani aliwaelekeza?"

Mama akakaa, gitaa kalipakata, kiganja kimelifunika lile doa.

"Huyo mwanamke... mzuri?" akaniuliza.

Nilitaka kudanganya. Nikashindwa.

"Mzuri, Mama."

Akageukia ukutani.

Nyie mnaofunga safari kwenda kufumania, ulizeni kwanza nyumbani. Mimi nilivuka maji kumfuata mke mwenzangu.

Nikarudi na wa mama.