Tunakwenda Wote Wawili

Awor ni fundi wa kushona nguo mjini Malaba, upande wa Uganda. Kila asubuhi anaweka cherehani yake barazani, karibu na barabara ya malori. Mume wake, Ochwo, ni makanika. Anatengeneza malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Wameoana miaka mitatu. Hawajapata mtoto.

Mwanzoni jambo hilo halikuwasumbua. Kisha maneno yakaanza. Majirani walitazama tumbo la Awor kabla ya kumsalimia. Mama mkwe alipiga simu kutoka kijijini akauliza, "Bado tu?" Siku moja alisema wazi, "Kama huzai, mwanangu atafute mwingine."

Awor alianza kukosa usingizi. Chakula hakikupita. Kila alipoona hedhi, alijifungia chumbani akalia. Ochwo naye alikawia kwenye pombe. Wakiwa nyumbani waligombana, au walinyamaza kama wageni.

Asubuhi moja alikuja Selpher. Selpher ni muuguzi kutoka upande wa Kenya, na mteja wa Awor wa siku nyingi. Alileta kitambaa cheupe cha gauni la ubatizo la mtoto wa dada yake. Awor alichukua mkasi. Mawazo yake yalikuwa mbali. Akakata kitambaa vibaya, katikati kabisa.

"Sista, nisamehe. Nimeharibu kitambaa yako," alisema, na machozi yakatoka.

Selpher alivuta kiti. "Kitambaa ni kitambaa tu. Wewe una nini?"

Awor akamweleza yote. "Watu wanasema nikiacha mawazo, nitashika mimba. Sasa nawaza mpaka kuhusu kuwaza."

"Usijilaumu," Selpher alisema. "Mtu haachi mawazo kwa kuamriwa. Lakini mawazo mengi yanakunyima usingizi, na yanawatenganisha wewe na mume wako. Kwa hiyo tutunze moyo wako, na pia tutafute sababu. Mmepimwa?"

"Mimi nimekunywa miti shamba tu. Ochwo anasema mwanaume hapimwi."

"Hapo anakosea. Shida inaweza kuwa kwa mwanamke, kwa mwanaume, au kwa wote wawili. Mkijaribu mwaka mzima bila mimba, mnakwenda hospitali pamoja. Mwanamke aliyefika miaka thelathini na tano asingoje mwaka. Aende baada ya miezi sita."

"Na leo nifanye nini? Kifua kinabana."

"Vuta pumzi kwa pua, taratibu. Itoe polepole zaidi. Rudia."

Awor alirudia mpaka mabega yakashuka.

"Fanya hivyo kila kifua kinapobana," Selpher alisema. "Jioni tembea kidogo. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Wakikuuliza, jibu kwa kifupi: tukiwa na habari tutasema. Na kitandani, msikutane kwa amri kama askari wa zamu. Kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha. Huzuni ikizidi, njoo kliniki. Nayo inatibiwa."

Jioni Ochwo aliporudi, Awor hakulia wala hakugomba.

"Jumatano nakwenda kupimwa," alisema. "Nataka twende wote wawili."

"Mimi niko sawa."

"Pengine uko sawa. Hata mimi pengine niko sawa. Lakini nimechoka kubeba hii kitu peke yangu, Ochwo. Mimi nitakwenda. Wewe amua."

Ochwo alitoka nje. Awor hakumfuata. Jumatano asubuhi alimkuta mlangoni, amevaa shati safi.

"Twende," alisema Ochwo.

Hospitalini daktari aliwapima wote. Awor hakukutwa na tatizo. Mbegu za Ochwo zilikuwa chache, na alikuwa na maambukizi. Daktari alimpa dawa. Akamwambia aache sigara na pombe, kisha arudi baada ya miezi mitatu.

 Walipofika nyumbani Ochwo alikaa kitandani, akafunika uso.

"Nilikuacha utukanwe," alisema.

Awor alikaa karibu naye. "Sasa tunajua. Tuanze dawa."

Ochwo akachukua simu. Akampigia mama yake, Awor akisikia.

"Mama, tumepimwa. Shida iko kwangu. Usimuulize Awor tena. Na mke mwingine sitaki."

 Mama akasema, "Mpe simu." Awor aliipokea.

"Mwanangu, nilikusema vibaya."

"Iliniuma, Mama," Awor alijibu. "Lakini asante kwa kusema."

Sasa Ochwo amemaliza dawa. Sigara na pombe ameacha, ingawa mwezi wa kwanza ulimtesa. Kipimo cha pili kimeonyesha mbegu zimeongezeka. Mimba bado, na daktari hakuwaahidi kitu. Lakini Awor analala. Anakula. Jioni wanatembea pamoja, na siku nyingine wanacheka njia nzima. Hedhi ikija, Awor bado anahuzunika, ila hajifungii tena. Ochwo anakaa naye.

Juzi jirani yao, Ajambo, aliwakuta njiani. "Na mtoto?" aliuliza.

Ochwo alijibu kabla ya Awor. "Tuko kwa matibabu, mimi na yeye."

 Ajambo akatazama nyuma, kuona kama kuna mtu anayesikia. Kisha akasogea karibu, akauliza kwa sauti ndogo, "Mnatibiwa wapi? Nataka kumpeleka binti yangu."

"Na mume wake," alisema Awor.