Soksi Upande wa Moto

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Chapchap alivaa ufunguo wa banda shingoni, akaenda kuwaamkia kuku. Kuku wenyewe walishaondoka zamani. Banda lao, kile chumba cha matofali nyuma ya nyumba ya shangazi yake, sasa lilikuwa na mashine sita zilizopangwa kwenye rafu ya chuma, kila moja ikinguruma kuliko jogoo yeyote aliyewahi kuwika mle ndani. Shangazi alizipa mashine hizo majina ya kuku wake wa zamani: Kijivu, Madoa, Kishungi, Kipara, Mweusi na Mama Vifaranga. Majirani walicheka mpaka wakachoka. "Kuku wameondoka, kelele zimebaki," walisema.

Chapchap alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina hilo hakupewa bure. Alikula chapchap, alioga chapchap, alifanya hesabu chapchap na kukosea chapchap. Wazazi wake walifanya kazi mbali, naye aliishi na shangazi yake tangu darasa la tatu. Kazi yake bandani ilikuwa kupangusa vumbi kwenye nyavu za mashine kwa brashi laini, kutazama joto la kila mashine kwenye simu ya shangazi, kisha kuliandika kwenye daftari. Shangazi alikuwa karani wa bohari kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na kwake yeye daftari lilikuwa kama kiapo. "Kisichoandikwa hakikufanyika," alisema kila mara, huku akiligonga jalada kwa kidole.

Siku mashine zilipofungwa mle bandani, Chapchap alimwuliza, "Shangazi, uchimbaji gani huu usio na jembe wala chepe?"

"Tunachimba namba, mwanangu," shangazi alijibu. "Kuna sarafu za kwenye kompyuta. Mashine za dunia nzima hushindana kutafuta namba moja ngumu, na mwenye mashine itakayoipata hulipwa sarafu hizo. Sasa mashine sita pekee zinaweza kutafuta miaka na miaka zisiambulie kitu. Ndiyo maana tumejiunga na kundi. Tuko maelfu. Yeyote akipata, tunagawana, kila mtu kwa kadiri mashine zake zilivyofanya kazi."

"Na mvivu akisema amefanya kazi kumbe alikuwa amelala?"

"Thubutu! Mashine haisemi tu. Inatuma ushahidi wa kazi yake kila mara. Isipotuma, kundi linajua imelala."

Kwenye simu, kila mashine ilikuwa na mstari wake na nukta ya kijani. "Nukta ikiwa nyekundu, ujue kuku kafa," aliongeza Mpole, mtoto wa kiume wa shangazi, kijana aliyekuwa akijifunza kazi ya umeme kwa Fundi Miwani. Fundi huyo ndiye aliyezifunga mashine zote. Watu walitaniana, lakini kila mtu nyumbani alijua kwamba shangazi ametia kiinua mgongo chake chote mle bandani. Mashine zikiungua, miaka thelathini ya bohari ingekuwa imeungua nazo.

Ukuta wa mbao nyembamba uligawa banda sehemu mbili. Upande wa baridi ndiko mashine zilikovuta hewa. Upande wa moto ndiko zilikotoa joto, na feni kubwa ukutani ikalitupa nje. Upande huo wa moto ulikuwa na sheria zake. Anayeingia aandike jina lake, saa, na alichokwenda kufanya. Na asiache kitu chochote humo, hata kijiti cha kiberiti.

Jumapili moja mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri bila kukoma. Jumatatu mwalimu mkuu angekagua sare, na soksi nyeupe za Chapchap zilikuwa zimejaa matope. Shangazi alimwambia azifue Ijumaa. Akamwambia tena Jumamosi. Mara zote mbili Chapchap alijibu, "Sasa hivi, Shangazi!" akaenda kucheza. Alikuja kuzifua Jumapili saa nane mchana, na kamba ya nguo ilikuwa inachuruzika maji.

Ndipo alipoukumbuka upande wa moto. Dakika kumi tu, alijiambia, nani atajua? Aliingia, joto likampiga usoni, akazitundika soksi kwenye waya uliopita karibu na feni, akatoka mbio. Daftari lilikuwa mezani, kalamu juu yake. Aliliona vizuri sana. Hakuandika.

Aliporudi, soksi moja ilikuwa imekauka, ina joto zuri la pasi. Ya pili haikuwapo. Wavu wa feni ulikuwa umebanduka pembe moja, na feni yenyewe, ambayo siku zote ilivuma kwa nguvu, sasa ilikuwa inaguna tu kama mtu mwenye jino bovu. Labda imepeperuka nje, alijidanganya. Akazunguka nyuma ya banda, akatafuta kwenye matope mpaka akalowa. Wapi! Akaufunga mlango wa upande wa moto taratibu, akaenda chumbani, akafungua kitabu cha sayansi na kukishika kichwa chini miguu juu.

Haikupita nusu saa.

"Madoa!" shangazi alipiga kelele sebuleni. "Jamani, Madoa kawa mwekundu!"

Akafuata Kipara. Kisha Kishungi na Kijivu, mmoja baada ya mwingine. Mweusi akazimika, na mwisho Mama Vifaranga. Chapchap alisikia shangazi akimpigia fundi simu kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, sauti nyembamba, ya mtu anayejizuia kulia.

Fundi Miwani alifika na koti la mvua, miwani yake imefungwa kwa kipande cha waya pembeni. Aliitikia shikamoo bila kusimama, akaenda moja kwa moja bandani. Alipofungua upande wa moto, alirudi nyuma hatua mbili.

"Ala! Hili ni tanuri! Feni kubwa imesimama. Mashine zimejizima zenyewe kwa joto, na tukiziwasha hivi hivi zitaungua zote." Alikwenda barazani kwenye swichi kuu, akakata umeme wa banda. Kwa mara ya kwanza tangu kuku waondoke, banda likawa kimya. Ilisikika mvua tu juu ya mabati.

"Nani aliingia huku leo?" fundi aliuliza aliporudi.

Shangazi alifungua daftari. Kidole chake kilishuka polepole. "Leo hakuna. Jana saa kumi, Mpole. Kukaza waya wa feni."

Fundi alimgeukia Mpole. "Ulikaza nini, kijana?"

"Ulikuwa umelegea, fundi. Niliukaza, na feni imezunguka vizuri tangu jana."

"Imezunguka, halafu? Si hii hapa imesimama? Umeme hauna udugu, bwana mdogo! Nilikwambia usiguse kitu nisipokuwapo." Fundi alipumua kwa hasira. "Siwezi kumpeleka kwenye nyumba za watu mtu anayebahatisha. Kesho usije kazini."

Mpole alisogea pembeni. Hakuwa mtu wa kubishana. Shangazi alimtazama mwanawe na macho yakamjaa machozi. "Kiinua mgongo changu, Mpole," alisema. Kisha akageuka. "Chapchap, na wewe hukuingia?"

"Sikuingia, Shangazi."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, chapchap kama mambo yake yote. Alitamani alirudishe, lakini shangazi alishalifunga daftari.

Fundi alikata ncha ya waya, akaufunga upya, akaguna, akakaza. Chapchap alisimama kwenye mlango wa ukuta wa mbao, kucha zimezama viganjani. Mpole ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Mpole ndiye aliyemwita "mdogo wangu" mbele ya watu, bila kuona haya. Sema, alijiambia. Sema sasa. Lakini kila sekunde iliyopita ilifanya neno lizidi kuwa zito.

"Tayari," fundi alisema hatimaye. "Nakwenda kuwasha. Kijana, kaa hapo mlangoni uniambie kama feni inazunguka. Usiguse kitu." Akatoka, shangazi akamfuata.

Mpole hakukaa mlangoni. Alitaka kulijua kosa lake, alijue kwa mkono wake mwenyewe. Aliingia ndani, akaubandua wavu wote, akalisukuma panga la feni kwa kidole. Halikusogea.

"Mbona gumu hivi?" alinong'ona. Akapenyeza mkono katikati ya mapanga, ukazama mpaka kwenye kiwiko, akaanza kupapasa nyuma.

Chapchap alijua kwa nini lilikuwa gumu. Yeye peke yake ndiye aliyejua.

"Nawasha!" sauti ya fundi ilitoka barazani. "Moja!"

Mpole hakusikia. Mvua ilikuwa inapiga mabati juu ya kichwa chake.

"Mbili!"

"USIWASHE!" Chapchap alipiga ukelele. "Kaka, toa mkono! Fundi, usiwashe!" Alitimka kwenye mvua, akateleza, akaanguka kwa goti, akainuka, akapanda baraza na kumrukia fundi. Akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili. Kidole kilikuwa tayari juu ya swichi.

"Una wazimu, mtoto? Kuna nini?"

"Mkono wa Kaka umo kwenye feni! Na soksi! Soksi yangu!"

"Soksi gani?" aliuliza shangazi.

"Ni mimi, Shangazi. Niliingia. Niliitundika ikauke, feni ikaimeza, sikuandika. Nimesema uongo. Kaka hana kosa, hana kosa lolote!" Akaangua kilio palepale, maji ya mvua na machozi yakachanganyika.

Fundi aliuondoa mkono wake kwenye swichi, akavua miwani. Waliporudi bandani walimkuta Mpole ameukumbatia mkono wake kifuani, uso umempauka, maana sasa alikuwa amesikia na kuelewa.

Fundi aliifungua feni kwa bisibisi. Nyuma ya mapanga, kwenye ekseli, kile chuma kinachoyazungusha, alichomoa kitu cha kijivu, kimesokotwa na kuungua nusu. Zamani kilikuwa soksi nyeupe.

"Waya wako ulikuwa sawa," alisema bila kumtazama Mpole. Kisha akamtazama. "Nimekuhukumu bure. Nisamehe, bwana mdogo. Na huu wavu niliuona mwezi uliopita umebanduka, nikasema utasubiri. Mimi pia nina langu. Kesho saa mbili, usichelewe."

"Sitachelewa, fundi," Mpole alisema.

Waliisafisha feni, wakaufunga wavu kwa skrubu nne mpya, wakangoja banda lipoe. Kisha fundi akawasha mashine moja moja. Shangazi alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, simu mkononi. Mama Vifaranga akawa wa kijani. Mweusi, Kijivu, Kishungi, Madoa. Kipara alibaki mwekundu dakika tano nzima, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

"Kipara kafufuka!" Mpole alisema ghafla, na shangazi akafunika uso kwa kanga yake.

Jioni hiyo kabla ya kula, shangazi alimsukumia Chapchap daftari. "Andika."

"Niandike nini, Shangazi?"

"Kilichotokea."

Chapchap aliandika polepole: *Saa nane na nusu. Chapchap. Kukausha soksi.* Akafikiri kidogo, akaongeza chini yake: *Saa tisa na nusu. Nilisema sikuingia. Niliingia.* Kisha akauvua ufunguo wa banda shingoni na kuuweka mezani. "Mpe Kaka, Shangazi. Mimi sifai."

Shangazi alisoma mistari ile mara mbili.

"Sikiliza, mwanangu. Kwa soksi ningekugombeza, tukamaliza. Feni hutengenezwa. Lakini ulipoficha, sisi watu wazima wote tulikwenda kutafuta kosa mahali lisipokuwapo. Tukamwonea asiye na hatia, na ikabaki kidogo tu tumkate mkono. Kule kwenye kundi watu hawajuani hata sura, lakini wanagawana bila ugomvi, kwa sababu kazi ya kila mashine inaonekana. Humu ndani hakuna mashine ya kutupima mimi na wewe. Tuna neno la mtu tu. Miaka thelathini nilidhani naliamini daftari, kumbe nilikuwa namwamini anayeandika."

Chapchap aliinamisha kichwa. Shangazi akauchukua ufunguo, akamvisha tena.

"Jana sikujua utafanya nini siku utakapokosea. Leo nimejua. Ulikawia, lakini ulisema, tena ulijua utaaibika. Vaa. Na kwa mwezi mzima, soksi za Kaka yako utazifua wewe, kwa mkono, siku ya Ijumaa."

Asubuhi ya Jumatatu, Chapchap alisimama kwenye mstari wa ukaguzi akiwa na soksi moja nyeupe safi, na nyingine ya bluu ya Mpole iliyomfika juu ya goti. Wanafunzi walikuwa wanacheka chinichini. Mwalimu mkuu alisimama mbele yake.

"Na huu ni mtindo gani?"

Jibu la haraka lilimjia ulimini: mvua, mwalimu. Chapchap alilimeza. Akavuta pumzi.

"Nilichelewa kufua, mwalimu. Niliambiwa Ijumaa nikaenda kucheza. Ni kosa langu."

Mwalimu mkuu aliandika kitu kwenye karatasi yake. "Utafagia darasa leo," alisema. Kisha akawageukia wengine wote. "Nyie nyamazeni. Tangu nianze mstari huu nimeambiwa habari za mvua mara kumi na saba. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwamini."